Mgeni Aliyegeuka Adui: Historia ya Kubandwa katika Nchi ya Karagwe

Kubandwa ni desturi ya kale ya nchi za maziwa makuu, ambamo roho yenye jina, ukoo na tabia yake humshika mtu na kusema kwa kinywa chake. Katika Karagwe, ufalme wa zamani ambao leo umegawanyika kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, desturi hiyo ilikuwa imeota mizizi vijijini na ikuluni karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Mto Kagera unaitenganisha Kyerwa na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, lakini kwa habari za roho mto huo haukuwahi kuwa mpaka: majina yaleyale yaliitwa ng'ambo zote mbili, na waliobandwa walivuka kwenda kufunzwa na wenzao.

Kitenzi chenyewe kinaeleza mengi. Kiko katika hali ya kutendwa, na mzizi wake una maana ya kugandamizwa, kama kitu kilichokaliwa na uzito wa kingine. Abandwaye hafanyi, hufanyiwa. Kiswahili cha pwani kina taswira yake iliyo karibu na hiyo: roho humpanda mtu, naye aliyepandwa huitwa kiti. Katika taswira zote mbili roho imekuja kukaa. Hilo ndilo jambo la kushika katika historia hii, kwa sababu wazo kwamba roho ni mvamizi wa kufukuzwa usiku huohuo, kwa makelele na vita, ni geni kwa desturi ya awali. Kwenye kilinge cha pwani fundi huiuliza roho jina lake na haja yake, nayo hutaja kitambaa, pete au chano cha vyakula, kisha mapatano hufungwa. Karagwe nako aliyeugua ugonjwa wa emandwa, yaani wa roho hizo, hakusafishwa roho ikaondoka. Aliingizwa katika chama cha roho hiyo na kuitumikia maisha yake yote.

Roho zilizoheshimiwa zaidi zilikuwa za Wacwezi. Masimulizi ya Bunyoro, Nkore, Karagwe na Buhaya huwataja kuwa watawala wa kale waliotoweka ghafla duniani, wakaendelea kutawala wakiwa hawaonekani. Mkuu wao wa mwisho alikuwa Wamara, ambaye Wahaya humjua kama bwana wa walimwengu na wafu pia. Mugasha alishika maziwa, mvua na dhoruba, na wavuvi wa Ziwa Victoria walimwomba kabla ya kusukuma mitumbwi. Irungu alishika nyika na misitu, kwa hiyo wawindaji na wasafiri walikuwa watu wake. Kazoba alihusishwa na jua. Ndahura aliogopwa kwa ndui. Upande wa Rwanda aliyetawala ni Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati, na Burundi walimwita Kiranga. Kila roho ilikuwa na kazi yake, na mtu aliyepatwa na shida alijua, au aliambiwa na mpiga ramli, ni mlango upi wa kubisha.

Masimulizi ya utawala nayo yameshikana na masimulizi ya roho. Ruhinda, mwasisi wa nasaba ya Wahinda, husemwa kuwa mwana wa Wamara aliyefika Karagwe na kumpokonya ufalme Nono wa ukoo wa Wasita. Kwa kawaida wanahistoria huliweka tukio hilo katika karne ya 15. Israel Katoke, aliyechapisha kitabu cha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, aliyakusanya masimulizi hayo kutoka kwa wazee wa nchi yenyewe. Nasaba iliyodai damu ya Wamara haikuweza kuwapuuza waliosema kwa sauti ya Wamara. Ilibidi iwaheshimu, na iwachunge.

Kuingia katika chama cha emandwa kulikuwa safari yenye hatua. Kwa kawaida ilianza na msiba: ugonjwa usiopona, mimba zinazoharibika, mifugo inayokufa, ndoto zinazorudi. Mpiga ramli akitaja roho, jamaa walikusanya gharama, nazo hazikuwa ndogo: pombe ya ndizi, mbuzi, magamba ya kauri, magome ya miti yaliyopondwa kuwa nguo. Mwanafunzi alitengwa na watu wa nyumbani, akatishwa na kujaribiwa, kisha akahesabiwa kuwa amezaliwa upya kwa wazazi wapya ambao ni embandwa, yaani waliobandwa, wa zamani. Alipewa jina jingine, akafundishwa maneno ya siri yasiyotamkwa mbele ya wasiohusika, na akala kiapo cha kunyamaza. Ngoma na manyanga ndiyo yaliyoita roho. Ilipofika, sauti ya mwanafunzi ilibadilika, mwendo wake ukabadilika, na watu wakamsalimu kwa jina la aliyemshika: mwanamke mnyonge wa jana alipokea heshima ya mfalme wa kale.

Wengi wa embandwa walikuwa wanawake. Iris Berger, aliyeandika juu ya dini na upinzani katika falme za eneo hili katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha kuwa kubandwa kuliwapa wanawake nafasi ambazo ndoa na ukoo viliwanyima: kuketi mbele za watu, kuamua mashauri, kupokea zawadi kwa jina lao wenyewe. Hapa hakuna haja ya kuchagua kati ya imani na faida. Mtu anaweza kubandwa kwa dhati na papo hapo akapata sauti ambayo hakuwa nayo.

Nyumbani, ibada ilikuwa ndogo na ya kila siku. Kibanda cha nyasi kisichofika magotini kilijengwa uani kwa ajili ya roho za wazee au za Wacwezi, na humo viliwekwa pombe kidogo, chakula kidogo, na kahawa. Kahawa ya huku, robusta, ilikuwa ya kutafunwa kabla haijawa ya kuuzwa. Matunda yake yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu, yakakaushwa, na mgeni alipewa kiganjani kama ishara ya amani. Walioapiana udugu waligawana punje za tunda moja. Roho nayo, ikiwa mgeni, ilipewa kile ambacho mgeni yeyote angepewa.

Maelezo ya kwanza yaliyoandikwa kuhusu ulimwengu huo yanatoka kwa wapita njia. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na Grant akabaki hadi Aprili kwa sababu ya kidonda cha mguu. Speke alisimuliwa na mfalme mwenyewe jinsi urithi ulivyoamuliwa baada ya kifo cha baba yake, Ndagara. Wana watatu waliwekewa ngoma ndogo, iliyokuwa nyepesi kwa mikono ya kawaida lakini nzito kupita kiasi kwa asiyestahili, na Rumanyika peke yake aliweza kuiinua, tena kwa kidole kidogo. Alisimuliwa pia kuhusu maiti ya Ndagara: ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe na kuwekwa katika mtumbwi ziwani mpaka ikaoza, mabuu matatu yakaletwa ikuluni, na moja likawa simba, la pili chui, la tatu fimbo. Kisha mwili ulilazwa mlimani chini ya nyumba iliyofungwa pamoja na wasichana watano na ng'ombe hamsini, wakafia humo kwa njaa.

Habari hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Speke hakuyaona mazishi hayo. Aliambiwa kupitia mkalimani, na aliandika kwa wasomaji wa London waliopenda mambo ya kutisha. Hata hivyo mfano wa mfalme anayegeuka simba baada ya kufa unafanana na masimulizi ya falme za jirani, na unaonyesha kwamba roho ya mtawala haikudhaniwa kutulia kaburini. Alichokosa Speke ni kingine. Alivutiwa na ngoma za mwezi mwandamo na mavazi ya mfalme, lakini embandwa wa vijijini karibu hawaonekani katika kurasa zake. Historia ya kubandwa imehifadhiwa kwa vipande vya namna hiyo, vilivyoshikwa na watu waliokuwa wakitazama kitu kingine.

Njia za biashara zilizomleta Speke ziliipeleka desturi hiyo mbali. Karagwe ilikuwa kituo cha misafara kati ya Tabora na Buganda, na Kafuro, karibu na mji mkuu wa Bweranyange, palikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Kusini, katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, kilikua chama cha Baswezi, ambacho jina lake limetoka kwa Wacwezi na ambacho kilimheshimu Lyangombe, yaani Ryangombe wa Rwanda. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala mwaka 1955. Kutoka pwani nako yalikuja maneno pepo, jini na shetani, yaliyobeba elimu ya Kiislamu kuhusu viumbe wasioonekana. Kwa muda mrefu maneno hayo yalikaa kando ya emandwa bila kuzimeza.

Mwishoni mwa karne ya 19 Karagwe ilipigwa kwa mfululizo. Ugomvi wa urithi ulifuata kifo cha Rumanyika, kisha sotoka ikafyeka ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui ikafyeka watu, na Wajerumani wakaingia kupitia Bukoba. Katika nyakati hizo roho nyingine ilipata nguvu kati ya Karagwe, Mpororo, Ndorwa na kaskazini mwa Rwanda. Huyo ni Nyabingi. Simulizi moja humtaja kuwa malkia wa Karagwe aliyeuawa na mume wake aliyetaka nchi yake, na baada ya kifo roho yake ikawashika watumishi wa nyumba. Simulizi nyingine humweka Ndorwa. Mara nyingi husimuliwa kuwa mwanamke aliyedhulumiwa, na waliosema kwa niaba yake, abagirwa, mara nyingi waliwasemea waliodhulumiwa.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Muhumusa, aliyedai kuwa mjane wa Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895. Alikusanya wafuasi dhidi ya ikulu ya Rwanda na dhidi ya Wazungu. Wajerumani walimkamata na kumfunga Bukoba, ambako alikaa takriban miaka miwili. Alipoachiwa alihamia upande wa Waingereza kusini-magharibi mwa Uganda, akaanzisha vita upya, na Septemba 1911 akakamatwa. Alizuiliwa Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ya Uganda ilitunga sheria ya uchawi, na harakati za Nyabingi zilikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Jina lenyewe lilivuka bahari: katika miaka ya 1930 lilifika Jamaica, na hadi leo Warastafari huita ngoma na mikusanyiko yao kwa jina la Nyabingi.

Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya uchawi, na ile ya mwaka 1928 ndiyo iliyodumu hadi baada ya uhuru. Sheria hizo zilikuwa na kasoro ya msingi. Katika fikra za wenyeji, mchawi na embandwa walikuwa watu wawili wasiofanana hata kidogo: mmoja hudhuru kwa siri, mwingine hutibu mbele za watu. Jicho la mtawala wa kikoloni liliona tunguri, ngoma na usiku, likawaweka wote katika kapu moja. Embandwa walilazimika kujificha, na chama kilichokuwa na siri za heshima kikaanza kuonekana kuwa na siri za aibu.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka kanisani. Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na wamisionari wa Kilutheri wa Betheli kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910. Walipotafsiri Injili walihitaji jina la yule anayetolewa na Yesu ndani ya watu. Pepo mchafu na shetani ndiyo maneno yaliyoingia katika Kiswahili cha kanisa, na katika mahubiri Wamara, Mugasha na Irungu waliwekwa upande huo wote kwa pamoja. Kanisa Katoliki lilikuwa na kanuni yake ya kupunga pepo, iliyowekwa katika kitabu cha ibada cha mwaka 1614 na kurekebishwa mwishoni mwa karne ya 20, inayodai ruhusa ya askofu na uchunguzi wa kitabibu. Kwa maneno mengine, hata Roma iliona jambo hilo kuwa la nadra. Kijijini halikuonekana hivyo: kila roho iliyojulikana ilikuwa imeshahukumiwa.

Hukumu hiyo ilipata moto mpya kwa uamsho wa Abalokole, yaani waliookoka, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuingia Bukoba na Karagwe kwa kasi. Waliookoka waliungama hadharani, wakataja dhambi kwa majina, na wakatoa hirizi na vifaa vya emandwa vichomwe. Vibanda vya uani vilibomolewa. Kwa aliyeokoka huo ulikuwa ukombozi wa kweli, kwa sababu utumishi wa roho ulikuwa na gharama na hofu zake, na si haki kuusimulia kana kwamba ulikuwa furaha tupu. Lakini pamoja na vibanda kilibomoka kitu kingine: mahali pa kuipeleka roho ikija. Ugonjwa uleule, ndoto zilezile na kutetemeka kulekule viliendelea kuwapata watu, ila sasa roho haikuwa na jina la kusalimiwa wala kiti cha kukalia. Ilikuwa adui tu. Makanisa ya Kipentekoste yaliyoongezeka tangu miaka ya 1980 yaliirithi hali hiyo, na maombezi ya kufungua waliofungwa yakawa sehemu ya ibada za kawaida.

Tukio linaloonyesha pengo hilo lilitokea katika eneo la Kagera, wiki saba baada ya uhuru wa Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni iliyoendeshwa na misheni huko Kashasha, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Vipindi vilidumu dakika chache au saa kadhaa, vikarudi, na wengine walihangaika hadi siku 16. Walimu hawakuguswa. Shule ilifunguliwa tena Mei 21 na kufungwa tena mwezi uliofuata. Wasichana waliporudishwa makwao mara ya kwanza, hali ilizuka Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto, kisha katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, wanafunzi 48 kati ya 154.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza vyakula, wasione sumu wala kijidudu. Walichapisha taarifa yao mwaka 1963 na kupendekeza kuwa ulikuwa histeria ya umati. Wenyeji waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, au akajanja, wazimu, na wako waliodhani hewa ilikuwa imeharibiwa na majaribio ya mabomu ya atomiki. Tangu hapo dunia imeusimulia mara nyingi kama kichekesho. Hilo ni kosa. Christian Hempelmann, aliyeuchambua mwaka 2007, alisisitiza kuwa kicheko hicho hakikuwa na furaha yoyote ndani yake, bali kilikuwa dalili ya msongo mkubwa wa watoto waliobanwa na nidhamu ya bweni na matarajio mapya. Katika Karagwe ya Rumanyika, msichana anayetetemeka na kulia bila sababu angepelekwa kwa mpiga ramli, na mwishowe angepewa jina na mahali. Huko Kashasha, aliyetokewa na hali hiyo alirudishwa nyumbani.

Matukio ya namna hiyo hayakukoma. Shule mbalimbali za Tanzania, hasa za wasichana, zimeripoti mara kwa mara wanafunzi wanaoanguka na kupiga kelele kwa makundi. Jina lililoshika ni mapepo, na wanaoitwa kwanza ni wachungaji, masheikhe au wazazi, kabla ya maofisa wa afya.

Picha inayotembea ilikuja kuipa hofu hiyo sura. Filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, iliyotokana na riwaya ya William Peter Blatty, iliwafundisha watazamaji wa dunia nzima kuona kupagawa kama vita kati ya padre na shetani ndani ya mwili wa binti. Kisha ukaja mtindo wa mkanda uliookotwa, ambamo filamu hujifanya kuwa kumbukumbu halisi iliyoachwa na waliopotea au kufa. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 iliueneza, Paranormal Activity ya mwaka 2007 ikathibitisha kuwa kamera moja ya nyumbani inatosha, na The Last Exorcism ya mwaka 2010 ikaupeleka kwenye upungaji pepo wenyewe: mhubiri wa Marekani asiyeamini tena kazi yake anaongozana na wapiga picha hadi shambani Louisiana, na huko anakutana na asichoweza kukieleza.

Filamu za aina hiyo zilifika Tanzania kupitia kanda na diski zilizooneshwa katika mabanda ya video, yale ambayo vijana huyaita vibanda umiza, mara nyingi zikiwa na sauti ya msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya maneno ya wahusika. Lufufu wa Dar es Salaam ni miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo, na Uganda ilikuwa na wasimulizi wake waitwao VJ. Watengenezaji filamu wa Kitanzania nao waliingia uwanjani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, yenye jina la mzuka wa Wanyakyusa, na baadaye Shumileta, kisa cha jini wa kike anayempenda binadamu. Kisa hicho kina asili ya pwani waziwazi: jini ana jina, ana tamaa, ana wivu, na huweza kusemeshwa. Shetani wa filamu za Marekani hasemeshwi. Hutolewa, au humaliza watu.

Baada ya filamu ikaja simu. Mwanafunzi anapoanguka uwanjani leo, au muumini anapogaragara mbele ya madhabahu, kuna mikono iliyoinuliwa ikirekodi, na kabla ya jioni kipande cha dakika moja kimezunguka kwenye simu za watu wasiomjua, mara nyingi bila jina la shule, bila tarehe, na bila kuonyesha kilichofuata kamera ilipozimwa. Embandwa wa zamani walikuwa wakiapishwa wasiseme waliyoyaona ndani ya duara, na aliyetoka humo alitoka na jina jipya ambalo jamaa zake walilijua. Anayerekodiwa hupewa jina na mtu mwingine, aliyeandika maneno chini ya picha.